CD ya sauti ni nini, na ubora wake unatoka wapi unapoichoma nyumbani kwa ajili ya redio ya gari

Mtu anaposema kwamba amechoma CD ya nyimbo, huenda anazungumzia mojawapo ya vitu viwili vinavyotofautiana kabisa, ingawa kwa macho diski zenyewe zinafanana. Kuna CD ya data, ambayo imebeba mafaili ya MP3 kama ambavyo ingebeba barua au picha, na kuna CD ya sauti, ambayo haina hata faili moja ndani yake. Makala hii inahusu hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo ambayo redio ya gari yenye tundu la CD imetengenezwa kuisoma tangu mwanzo, hata ile ya zamani isiyojua MP3 ni kitu gani, na kwa kuwa ubora wake hueleweka vibaya mara nyingi.

CD ya sauti ni diski iliyorekodiwa kwa kufuata kanuni ambazo kampuni za Philips na Sony zilikubaliana mwaka 1980, katika waraka uliokuja kuitwa Kitabu Chekundu kutokana na rangi ya jalada lake. Mashine za kwanza za kupiga diski hizo ziliingia sokoni nchini Japani mwezi Oktoba 1982. Kwa mujibu wa kanuni hizo, sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, upande wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, maana yake ni namba moja kati ya 65,536 zinazowezekana. Ukizidisha 44,100 kwa 16, kisha kwa pande mbili, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, na kiasi hicho hakipungui wala kuongezeka: sekunde ya ukimya huchukua nafasi ileile inayochukuliwa na sekunde ya ngoma na tarumbeta zikivuma pamoja. Ndiyo sababu CD ya sauti hupimwa kwa dakika, 74 au 80, wala si kwa megabaiti. Nyimbo za MP3 zilizobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde zitaijaza diski ya dakika 80 zikiwa hazijafika hata megabaiti 80 kwenye kompyuta, jambo linalowashangaza wengi wanaoona maandishi ya megabaiti 700 juu ya diski hiyohiyo.

Namba hizo hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Sikio changa lenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, na ili mtetemo unakiliwe sawasawa ni lazima upimwe zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Vipimo 44,100 kwa sekunde vinatosha kufika karibu na 22,050. Biti 16 nazo zinatoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ndani ya gari linalotembea, mvumo wa matairi na injini humeza sehemu tulivu za muziki muda mrefu kabla ya mipaka hiyo kuanza kusikika. Kwa hiyo mwenye faili la biti 24 lililopimwa mara 96,000 kwa sekunde asisikitike kwamba programu italipunguza kabla ya kulichoma. Ziada hiyo humsaidia fundi wa studio anapochanganya sauti. Msikilizaji aliye barabarani hapotezi chochote.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Kuchoma hakuongezi ubora. Programu inapopewa faili la MP3 hulikunjua kwanza, ikalirudisha kwenye mkondo kamili wa biti 1,411,200, kisha ikauandika mkondo huo kwenye diski. Lakini kilichotupwa siku faili lilipobanwa hakirudi. Sikiliza matoazi katika wimbo uliobanwa hadi kilobiti 128: badala ya mlio mkavu wa shaba unaofifia taratibu, utasikia kitu kama maji yanayochuruzika, kwa sababu sauti za juu, mara nyingi zote zilizo zaidi ya mitetemo 16,000, zimekwisha kukatwa, na zilizobaki zimeparazwa ili zitoshe. Uchome wimbo huo kwenye CD ghali kuliko zote, kwa kasi yoyote ile, matoazi yatabaki yanachuruzika. Kuligeuza faili hilo kuwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, kabla ya kulichoma hakusaidii pia. Faili litavimba mara kumi na moja, na uvimbe huo hauna muziki wowote mpya ndani yake. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu nimeona watu makini wakihangaika na aina za diski na nyaya za spika, ilhali kosa lilifanyika mapema mno, pale walipochagua faili.

Chanzo kizuri, basi, ni CD halisi uliyo nayo, iliyonakiliwa kwenye kompyuta kwa programu inayosoma kila sehemu zaidi ya mara moja na kulinganisha majibu, au ni faili la FLAC, ambalo limebanwa bila kutupa kitu na hurudisha kila biti kama ilivyokuwa. MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka kwenye chanzo kizima inatosha kabisa kwa gari, na sidhani kwamba wengi wataitofautisha na FLAC huku gari likikimbia. Cha kukwepa ni faili lililobanwa, likakunjuliwa, kisha likabanwa tena, kwani kila ubanaji hutupa chake. Sheria za kunakili diski uliyoinunua hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo ni vyema kila mtu azijue za kwake.

Chanzo kikishakuwa safi, kinachobaki ni kuhakikisha kwamba redio ya gari itaweza kuisoma diski, na katika hili CD ya sauti ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Diski hugawanywa katika vipande 75 kwa kila sekunde. Katika CD ya data, kila kipande hubeba baiti 2,048 za mtumiaji, na sehemu kubwa ya nafasi inayosalia hutumika kama ulinzi wa ziada wa kugundua na kusahihisha makosa. Katika CD ya sauti nafasi hiyo yote, baiti 2,352, imetolewa kwa muziki. Bado upo ulinzi wa msingi, unaoweza kufuta athari za mikwaruzo midogo bila msikilizaji kujua, lakini ukizidiwa, redio haina la kufanya ila kukisia: huchukua kipimo kilichotangulia na kinachofuata, ikatia cha katikati. Ikishindwa hata kukisia, hunyamaza kwa kitambo au hutoa mlio wa kudonoa. Kwa hiyo diski iliyochomwa vibaya inaweza kupiga nyimbo zote huku sauti ikiwa imeharibika kidogo, pasipo onyo lolote kwenye kioo cha redio.

Ichukue CD uliyoichoma wewe mwenyewe, uinamishe chini ya taa. Utaona duara lenye rangi iliyokolea kidogo kuanzia karibu na tundu la katikati, kisha mpaka ulionyooka kama uliochorwa kwa bikari, na baada yake eneo lililopauka hadi ukingoni. Lile lililokolea ndilo muziki wako, kwani CD huandikwa kutoka ndani kwenda nje. Kwenye diski ya kiwandani alama ni vishimo vilivyogandamizwa kwenye plastiki, lakini katika CD-R, ile tupu inayochomwa mara moja tu, ni madoa ambayo mwale wa leza umeyachoma kwenye tabaka la rangi maalumu, na redio huyasoma kwa sababu yanarudisha mwanga hafifu kuliko sehemu zisizochomwa. Diski ya CD-RW, ile inayofutika na kutumika tena, hurudisha mwanga asilimia 15 hadi 25 tu, ilhali ya kiwandani hutakiwa kurudisha angalau asilimia 70. Redio nyingi za gari za zamani hazina jicho la kuisoma. Kwa gari, tumia CD-R. Diski zilizoandikwa kwamba ni za muziki hazina ubora zaidi. Zimewekewa alama inayotakiwa na mashine za kurekodia zisizotumia kompyuta, basi.

Kuhusu kasi ya kuchoma, ushauri wa zamani kwamba kadiri unavyokwenda polepole ndivyo bora haukosei sana, ila umepitwa na wakati. Kasi ya mara 1 ilichukua muda uleule wa kuusikiliza muziki, na diski za leo zimetengenezwa kwa leza inayokwenda upesi zaidi, kiasi kwamba kasi ndogo mno huenda isiwe rafiki kwa rangi yake. Mimi huchoma kwa mara 16 au karibu na hapo, na ninakwepa mara 48 au 52, ambako diski huzunguka kwa nguvu na madoa huanza kukosa kingo safi.

Jambo lililo muhimu zaidi kuliko kasi ni namna ya kuchoma. Programu nyingi hukupa njia mbili: kuchoma wimbo mmoja mmoja, leza ikizimwa na kuwashwa kila mara, au kuchoma diski nzima kwa mkupuo mmoja. Niliwahi kuchoma rekodi ya onyesho la kwaya kwa njia ya kwanza. Kila makofi yalipoanza yalikatwa na sekunde mbili za ukimya, kisha yakarudi ghafla mwanzoni mwa wimbo uliofuata, kama mlango uliofungwa na kufunguliwa. Nilipochagua mkupuo mmoja na kuweka mapumziko kuwa sekunde 0, makofi yalitiririka kama yalivyokuwa ukumbini. Njia hiyo pia huifunga diski, yaani huandika karibu na tundu la kati orodha ya nyimbo, zisizozidi 99, na mahali kila mmoja unapoanzia. Redio ya gari huisoma orodha hiyo kabla ya kitu kingine chochote, na isipoikuta itadai kwamba hakuna diski.

Nyimbo kutoka vyanzo mbalimbali huwa hazilingani kwa sauti, na dereva hapaswi kuhangaika na kitufe kila dakika nne. Programu inaweza kuzisawazisha, lakini iagize ipunguze zile zenye kelele badala ya kuzipandisha zilizo tulivu, kwa sababu namba 65,536 zina mwisho: wimbo ukipandishwa kupita hapo vilele vyake hukatwa, na sauti huanza kukwaruza.

Usibandike lebo ya karatasi kwenye diski ya gari. Joto hulegeza gundi, karatasi huinuka ukingoni, na diski hukwama ndani ya tundu. Usiandike pia kwa kalamu ya ncha ngumu, kwa kuwa muziki umekaa chini ya upande wa juu wenye maandishi, umefunikwa na tabaka jembamba tu la vanishi, ilhali upande wa chini unalindwa na plastiki yenye unene wa takriban milimita 1.2. Kalamu laini ya wino yenye ncha ya kitambaa, juu ya eneo la katikati lisilo na muziki, inatosha. Jua la moja kwa moja ni adui mkubwa zaidi, kwani ile rangi iliyochomwa na mwanga huendelea kuharibiwa na mwanga. Diski isikae juu ya dashibodi, na mafaili ya chanzo yabaki nyumbani.

Diski ikiwa tayari, ijaribu ndani ya gari lenyewe, si kwenye kompyuta, ambayo mara nyingi husoma hata diski mbaya. Piga wimbo wa kwanza, kisha ruka hadi wa mwisho, ulio karibu zaidi na ukingo, kwa kuwa huko kuyumba kwa diski huwa kukubwa zaidi. Ikiwa wa kwanza ni safi na wa mwisho unadonoa, punguza kasi na uchome diski nyingine kabla ya kuilaumu redio.