Tangazo lipo kwenye tovuti, mbona Google hailioni?

Wasimamizi wa tovuti za vyuo na halmashauri hutuuliza sana swali hili. Tangazo limewekwa, kila anayefungua ukurasa analiona, lakini ukilitafuta Google halipo. Mara nyingi chanzo ni jinsi ukurasa unavyojengwa.

Kurasa nyingi za siku hizi haziondoki kwenye seva zikiwa kamili. Seva hutuma HTML (msimbo unaobeba maneno na mpangilio wa ukurasa) karibu tupu, kisha JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari chako, ndiyo huchota maneno na kuyapanga. Googlebot, programu inayozungukia tovuti kwa niaba ya Google, husoma kwanza ile HTML, halafu huuweka ukurasa kwenye foleni hadi uendeshwe kwa Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome. Hadi 2019 ilitumia Chrome 41, toleo la 2015; sasa huenda na matoleo mapya. Kwa hiyo anayekwambia Google haisomi JavaScript amepitwa na wakati.

Shida ni kwamba Googlebot haibonyezi vitufe. Kama majina ya waliochaguliwa huletwa mtu akishabonyeza “Ona zaidi”, kwake hayapo. Hufuata viungo vya kweli, yaani alama ya <a> yenye href. Kitufe cha onclick pekee, yaani kinachotegemea JavaScript tu kikibonyezwa, hukiacha. Na kama robots.txt, faili linaloiambia Googlebot isiingie wapi, imezuia folda ya JavaScript, jambo linalosahaulika mno tovuti ikishakabidhiwa, Googlebot haina cha kuendesha.

Jipime mwenyewe. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+U uone HTML iliyotoka kwenye seva, kisha Ctrl+F na uandike kichwa cha tangazo. Ukikuta <div id="root"></div> na mafaili ya .js tu, maneno yako hayamo katika HTML ya kwanza. Google huenda ikayapata baadaye. Kifaa cha kukagua anwani ndani ya Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, kitakuonyesha ilichokiona. WhatsApp haisubiri: kichwa na picha ya kiungo unachotuma kwenye kundi huvitoa katika HTML hiyo ya kwanza.

Kwa matangazo ya umma, msimamo wetu ni mmoja: ukurasa ujengwe kwenye seva, utoke na maneno yake yote. Hata mwenye simu ya uwezo mdogo atausoma bila kuingoja JavaScript. Mwambie mtengenezaji wa tovuti yako hivyo kabla hujasaini mkataba, kwa sababu kuubadili mfumo uliokwisha kujengwa ni kazi nyingine yenye gharama yake.