Kabla hujaweka Yeremia 29:11 kwa stetasi, soma mstari wa 10

Yeremia 29:11 iko kila mahali hapa Nakuru. Utaikuta kwa stika za matatu, kwa kadi za graduesheni, kwa kalenda za kanisa, na Januari ikifika inajaa kwa stetasi za watu, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mimi ni pasta na nafundisha Agano la Kale, huu mstari naupenda sana, na ndio maana naomba urudi nyuma kidogo tu usome mstari wa 10, pale Mungu anasema hayo yote yatakuja Babeli ikishatimiza miaka 70. Sura hiyo ni barua Yeremia aliwaandikia Wayahudi waliokuwa mateka Babeli, na mtu aliyesomewa hiyo barua akiwa na miaka 40 alikuwa anaambiwa waziwazi kwamba atazikwa ugenini.

Sasa anza sura ya 27 ndio ushike vizuri. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alikuwa amebeba mateka wengi mwaka wa 597 KK, mfalme Yekonia na mama yake, wakuu, mafundi, wafua chuma, lakini Yerusalemu yenyewe ilikuwa bado imesimama kwa hivyo watu walikuwa na matumaini kwamba hii kitu itaisha haraka. Yeremia anatembea na nira ya mbao shingoni kuonyesha kwamba bado watatumikia Babeli. Halafu sura ya 28 anasimama nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, pale hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anasema Mungu ameivunja nira, ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na Yekonia atarudi. Na jibu la kwanza la Yeremia ni Amina! Anasema BWANA afanye hivyo. Hapo mimi husimama kila nikifundisha hii sura, manake Yeremia hakuwa mtu wa kufurahia watu wakiteseka, yeye pia alitamani iwe miaka miwili. Hanania akachukua ile nira akaivunja mbele ya watu. Baadaye neno likaja kwamba umevunja ya mbao, utapata ya chuma, na Hanania akafa mwaka huo huo, mwezi wa saba.

Akina Hanania tuko nao. Kuna dada mmoja alikuja kuniona, amesomea ualimu, anatembea na bahasha ya kaki imechakaa kwa pembe mpaka ameishikilia na seloteipu, ndani kuna kopi za vyeti zilizopigwa muhuri. Alikuwa anafunza shule ya praiveti ndogo, mshahara kidogo lakini unalipa nyumba. Akaambiwa kwa maombi ya usiku kwamba kabla mwezi uishe barua ya ajira itatoka, ila lazima aachilie kidogo ndio apokee kikubwa, akaacha kazi na akatoa sadaka ya mbegu na ile pesa ya mwisho. Mwezi ukaisha. Aliporudi kuuliza akaambiwa imani yake ilikuwa na doa. Hiyo inaniuma sana, manake mtu amebebeshwa deni na juu yake lawama, na anaogopa hata kuomba.

Linganisha na barua ya Yeremia. Jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni mzae watoto, utakieni amani mji ule na muuombee. Yaani kungoja kwa Biblia si kukaa kitako na simu mkononi, na pia si kuacha kile kidogo uko nacho kuonyesha imani. Huyo dada nilimwambia arudi kufunza kama watamchukua, na kama hawatamchukua aanzishe tuisheni ya watoto wa ploti, na ile ajira aendelee kuituma maombi kila nafasi ikitangazwa.

Na wanaongoja mtoto, nendeni hospitali wote wawili. Wote wawili, bwana pia apimwe, si mama peke yake anazungushwa kutoka kesha moja hadi nyingine huku shangazi wakimhesabia miaka. Yule mama Hana, aliyekuwa anangoja mtoto, alilia hekaluni mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, na Biblia haimlaumu hata kidogo kwa yale machozi. Zaburi ya 13 inaanza kwa kuuliza hata lini, mara nne mfululizo, na tumepewa tuiombe hivyo hivyo.

Najua mtu ataniuliza kuhusu Abrahamu. Aliitwa na akaahidiwa uzao akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa akiwa na 100, na katikati akiwa na 86 akapata Ishmaeli kwa Hajiri, mjakazi wa mkewe Sara, mpango wa Sara wa kusaidia ahadi itembee. Wahubiri hupenda kumchapa Abrahamu hapo, lakini mimi huwa namwangalia Hajiri, manake aliyelipia ile haraka yao ni yeye, aliyetoroka jangwani akiwa na mimba. Ukikosa subira mara nyingi si wewe unaumia, ni mtu wa chini yako.

Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliruhusu watu warudi mwaka wa 538 KK. Wengi waliopanda safari walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliosomewa barua, waliozaliwa kwa zile nyumba Yeremia aliambia wazazi wao wajenge. Waebrania 11:39 pia inasema wazi kuna watu walishuhudiwa kwa imani yao na hawakuipata ile ahadi. Kwa hivyo kama ulipewa tarehe na ikapita, usikubali kuambiwa imani yako ni ndogo. Mungu hakukupa hiyo tarehe. Mwambie Yeye vile unahisi, kama kuna deni ya mbegu tafuta mtu mzima kanisani muipange pole pole, na Jumatatu uende kazi.