Kuonyesha Night of the Living Dead ukumbini Kisumu: anza na nakala

Filamu hii ya kutisha ya George Romero ya mwaka 1968, kuhusu wafu wanaofufuka na kula watu, iligharimu takriban dola 114,000. Msambazaji alipoibadilisha jina, tangazo la hakimiliki lililokaa chini ya jina la kwanza likaondoka nalo, na kwa sheria ya Marekani ya siku hizo ulinzi ukapotea papo hapo. Kenya hulinda filamu kwa miaka 50, kwa hiyo huku nako muda wake uliisha mwishoni mwa 2018. Uainishaji ni jambo lingine: kabla ya kuita watu, pitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu.

Kwa kuwa yeyote anaruhusiwa kuinakili, nakala mbovu zimejaa. Nyingi zimetolewa kwenye nakala nyingine, tena na tena, hadi weusi umegeuka kijivu na nyuso zimeungua kwa weupe. Tafuta ile iliyorejeshwa kutoka negativu halisi (ukanda wenyewe uliopita kwenye kamera) na kuzinduliwa 2016. Ina dakika 96. Iliyotiwa rangi iache. Ya 1999 iache pia, maana imechomekwa matukio mapya na muziki mwingine.

Jipime na tukio la wafu wakila nje ya nyumba. Damu ile ni sharubati ya chokoleti, na nyama imetoka buchani. Kwenye filamu isiyo na rangi, kinachohesabika ni uzito na weusi, basi. Ukipandisha mwangaza wa projekta kupita kiasi, damu inafifia kama uji wa wimbi na hofu yote inaisha. Subiri saa moja na nusu usiku, giza liwe limeingia, kisha punguza mwangaza polepole mpaka nguo nyeusi zianze kumezwa na usiku. Rudi nyuma kidogo, uache hapo.

Weka umbo la picha la 4:3 (upana nne kwa kimo tatu). Ukiivuta ijaze pazia la 16:9, nyuso zinapanuka kwa theluthi. Ukiikuza, unakata robo ya kimo cha picha, na vichwa vinapotea. Zima pia kile kipengele cha projekta cha kulainisha mwendo wa picha.

Sauti yake ni ya mkondo mmoja. Spika moja chini ya pazia, katikati, inatosha kuliko mbili za pembeni. Mvua ikianza kupiga mabati, simamisha filamu: sehemu kubwa ya kisa inaelezwa na taarifa za redio na televisheni, na asiyezisikia hatajua kwa nini watu waliojifungia ndani wanagombania kukaa juu au kushuka kwenye chumba cha chini ya nyumba.