Upele kukauka si kupona surua

Juzi tena: "Daktari, surua ilitoka yote nje, upele ukakauka. Hii ya kichwa ni kitu kingine." Nimechoka kuisikia. Upele hauna habari na kinachoendelea ubongoni.

Degedege la homa siku za upele naliacha. Linatisha, ila mara nyingi hupita. Nazungumzia mambo matatu ambayo mtaani yote huitwa "surua imepanda kichwani".

La kwanza huja upele ukiwepo au wiki chache baadaye, kwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua. Alishaanza kucheza, homa inarudi, anasinzia hovyo, anakakamaa. Mara nyingi kirusi hakipatikani ubongoni. Kinga yake mwenyewe ndiyo inayoushambulia. Huwa tunawapa steroidi, dawa za kutuliza kinga. Ushahidi wake ni hafifu, nami huziandika kwa nusu imani.

La pili huwapata wenye kinga dhaifu, kama wanaotibiwa saratani, miezi kadhaa baada ya kuambukizwa. Baadhi yao hawatoki upele kabisa. Sasa hapo "kutoka nje" tutakuhesabuje?

La tatu ni SSPE, uvimbe wa ubongo unaokuja polepole baada ya surua, na hapa ndipo ninapokerwa hasa. Kirusi hubaki ubongoni, kikiwa na jeni zilizoharibika, kinahama seli hadi seli bila homa wala kipele, mara nyingi kwa miaka 7 hadi 10. Kisha mtoto aliyekuwa akifanya vizuri anaanguka darasani, anaangusha vikombe, anaitwa mvivu, anapelekwa kuombewa. Baadaye anaanza kushtukashtuka, kila baada ya sekunde kadhaa, kana kwamba kuna anayempigia saa. Wengi hufariki ndani ya miaka 1 hadi 3. Dawa tulizonazo huchelewesha kwa baadhi tu.

Mama akisema mwanawe hakuwahi kuugua surua, sibishani naye. Pengine aliugua akiwa mchanga, ikaitwa vipele vya joto. Kingamwili za surua kwenye maji ya uti wa mgongo zitasema. Waliougua kabla ya miaka 2 ndio walio hatarini zaidi. Kwa nini huyu na si pacha wake aliyelala naye kitanda kimoja? Hakuna anayejua, hata wanaoandika vitabu kwa kujiamini.

Na kabla hujasingizia chanjo: jeni za virusi vilivyotolewa kwenye ubongo wa wagonjwa hawa zimechunguzwa, na ni za surua ya mtaani, si za chanjo. Mtoto wa miezi 6 hajafikia sindano yake ya surua ya miezi 9. Anayemletea surua nyumbani anaweza kuwa kaka yake, yule ambaye hakurudishwa kliniki kwa dozi ya miezi 18.