Ishara ya kuzima kontena: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaoendesha makontena (mazingira yanayoendesha programu zikiwa zimetengwa na nyingine) huamini kwamba wakiandika docker stop, amri ya Docker ya kuzima kontena, kila programu iliyomo ndani huarifiwa. Ukweli ni kwamba ishara ya SIGTERM, yaani ombi la kuzima, hupelekwa kwa mchakato namba 1 peke yake, ule wa kwanza kuanzishwa ndani ya kontena. Docker husubiri sekunde 10, na kontena likiwa bado hai hupelekewa SIGKILL, ishara ambayo hakuna programu inayoweza kuikataa.

Dhana ya pili ni kwamba SIGTERM huumaliza mchakato wowote usioiwekea utaratibu wake. Kwa michakato ya kawaida ni kweli, lakini keneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi, huulinda mchakato namba 1, hivyo ishara ambayo haukujiandaa kuipokea hutupwa kimya, isipokuwa SIGKILL na SIGSTOP (ya kusimamisha mchakato) zinazotoka nje ya kontena. Ndiyo maana CMD (mstari wa Dockerfile unaotaja programu ya kuanzisha) iliyoandikwa kama amri ya kawaida, bila mabano ya mraba, mara nyingi huifanya sheli, programu inayosoma na kutekeleza amri, kuwa namba 1: ishara inapotea, sekunde 10 zinakwisha, na kontena linafungwa kwa msimbo wa kutoka 137, yaani 128 kuongeza 9, namba ya SIGKILL. Kuongeza muda wa kusubiri, ambao kwa Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, ni sekunde 30 usipobadilishwa, huisaidia programu iliyokwisha kuisikia ishara tu.

Wapo wanaodhani pia kwamba SIGTERM ina maana moja kwa kila init, yaani programu iliyoundwa kuwa mchakato namba 1. Kwa systemd, init ya mifumo mingi ya Linux, ikiwa namba 1, SIGTERM ni agizo la kujianzisha upya yenyewe huku huduma zake zikiendelea; agizo la kuzima ni SIGRTMIN+3. Podman, programu ya makontena kama Docker, ikitambua kwamba kontena linaendesha systemd hutuma ishara hiyo bila kuambiwa, ilhali kwa Docker ni lazima uitaje mwenyewe, kwa mfano kwenye mstari wa STOPSIGNAL wa Dockerfile. Init ya BusyBox, kifurushi kidogo cha zana za Linux, nayo huichukulia SIGTERM kuwa agizo la kuwasha upya, na huzima kwa SIGUSR2.

Dhana inayonitia wasiwasi zaidi ni ile ya kwamba ukiweka init ndogo kama tini, kazi imekwisha. Ni kweli kwamba tini hupitisha ishara na kuondoa michakato iliyokufa bila kuzikwa, lakini kwa kawaida huipitishia programu iliyoianzisha yenyewe tu. Programu hiyo ikiwa skripti ya sheli iliyoanzisha hifadhidata, skripti haina tena ulinzi wa namba 1, kwa hiyo hufa papo hapo. Tini nayo hutoka, na keneli huiua hifadhidata kwa SIGKILL kabla haijafunga mafaili yake. Msimbo unaobaki ni 143 (128 kuongeza 15, namba ya SIGTERM), ambao mtazamaji huuona kuwa wa kuzima kwa amani, na kwa hiyo uharibifu hugunduliwa baadaye sana. Dawa ni kuandika exec mbele ya amri ya mwisho ya skripti, ili hifadhidata ichukue nafasi ya sheli na kuipokea ishara yenyewe.