Ukimya wa Mnepali si ushahidi kwamba ni mzima

Wiki hii nimeambiwa tena, na msimamizi wa kambi moja ya wafanyakazi hapa Doha, kwamba Wanepali hawahitaji mshauri nasaha kwa sababu ni wavumilivu kwa asili. Maneno hayo nayasikia kwa mawakala, kwa waajiri na, jambo linaloniumiza zaidi, kwa ndugu zetu Wakenya na Waganda wanaolinda mageti na kulala nao kambi moja. Hoja yao ni Wagurkha, askari wa Kinepali waliolitumikia jeshi la Uingereza tangu 1815, kana kwamba ushujaa wa kikosi ni kinga ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, kwa kila mwananchi. Wagonjwa wangu wengi si watu wa milimani, walikotoka wengi wa askari hao, hata kidogo. Wanatoka Dhanusha na Siraha, katika tambarare ya Tarai inayopakana na India.

Ukimya huo una sababu, nayo huanza kabla ya safari. Mwaka 2015 serikali ya Nepal iliagiza kwamba mwajiri wa Ghuba au Malaysia alipe viza na tiketi, na wakala asitoze zaidi ya rupia 10,000 za Nepal. Hata hivyo wengi hutozwa mara kadhaa ya kiasi hicho na kupewa stakabadhi ya 10,000. Fedha hizo hukopwa kijijini, mara nyingi kwa riba ya asilimia 36 kwa mwaka. Aliyekopa rupia 150,000 anadaiwa riba ya 4,500 kila mwezi kabla hajapunguza deni lenyewe hata kwa rupia moja, ilhali kima cha chini cha mshahara hapa Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi. Akikiri mbele ya mwajiri kwamba halali na anatamani kufa, anachokiona ni tiketi ya kurudishwa kwao, deni likiwa palepale na shamba la baba likiwa rehani. Ananyamaza kwa kuwa amepima, na amepima sawasawa.

Ndiyo maana nakereka nikisikia kwamba dawa ni intaneti ya bure ili apige simu nyumbani. Kwa baadhi yao simu ni faraja. Kwa wengine ndiyo saa nzito kuliko zote. Akimaliza zamu saa nne usiku, Nepal ni saa saba kasoro robo, na aliyekesha kumsubiri ni mke ambaye mkopeshaji alibisha hodi kwake mchana. Anatafuta pa kusimama ili vitanda vya deka visionekane kwenye kamera, anasema yu mzima, anaulizwa atatuma lini, kisha anarudi kulala asipate usingizi. Swali langu la kwanza siku hizi ni nani anayemdai, kiasi gani, na lini.

Wengi huja wakilalamikia kichwa na ganzi ya miguu. Anayefanya kazi juani apimwe figo kwanza, kwa kuwa joto kali huweza kuziumiza, kisha ndipo tuzungumzie sonona. Hapo mimi hutumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, ambalo alama yake ya juu kabisa ni 27 na anayepata 10 au zaidi hushukiwa kuwa na sonona, nami nina shaka nalo. Linauliza kuhusu usingizi, uchovu na hamu ya kula, na anayejibu analala chumba kimoja na watu wa zamu tofauti. Akipata 12, siwezi kusema kwa uhakika ni alama ngapi za ugonjwa na ngapi za kambi. Nikimtibu akarudi kwenye kitanda kilekile na deni lilelile, sina hakika kama nimemponya au nimemwongezea tu muda wa kustahimili.

Lakini kinachoharibu kazi yote ni ukalimani. Kambi huniletea kiongozi wa zamu anayejua Kiingereza, Mnepali wa wilaya ileile, pengine wa tabaka la juu kuliko la mgonjwa, na ndiye anayeandika saa za ziada za mgonjwa huyo. Swali la 9, linalouliza iwapo mtu amewaza kwamba ni heri afe, hutoka kinywani mwake likiwa limelegezwa, na jibu la "hapana" hurudi kabla mgonjwa hajainua macho. Fomu huandikwa sifuri, na sifuri hiyo ndiyo hutajwa baadaye kuwa uvumilivu wa Wanepali. Mkalimani asitoke katika kampuni ile wala, ikiwezekana, katika wilaya ile, hata kama atatafsiri kwa simu, kwa kuwa habari kwamba fulani amepelekwa kwa daktari wa akili hufika kijijini siku hiyohiyo na kugusa heshima ya nyumba nzima, hadi posa za dada zake.

Wanafunzi walioko Japani au Australia hudhaniwa kuwa na nafuu, lakini wengi wao pia wamesafiri kwa mkopo, saa zao za kazi zina kikomo kisheria, na anayefeli somo humkwepa mshauri wa chuo akihofia viza.

Ninyi mnaolala nao chumba kimoja, mwenzenu akiacha kula nanyi, akigawa vitu vyake au akikataa simu za nyumbani, muulizeni faraghani, waziwazi, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake usiku huo. Mpelekeni moja kwa moja idara ya dharura ya hospitali, na msimamizi aarifiwe baadaye.