Meli tupu haina mafuta? Fikiri tena

Meli ya Wakashio ilipopanda mwamba wa matumbawe Pointe d'Esny, Mauritius, tarehe 25 Julai 2020, wapo waliojifariji: meli ya mizigo, tena tupu, itamwaga nini? Kweli, ngama zake, yaani sehemu za kuwekea shehena, zilikuwa tupu. Ilikuwa ikielekea Brazili kupakia. Lakini meli ya karibu mita 300 haiendeshwi kwa upepo. Matangi yake yalibeba takriban tani 4,000 za mafuta ya injini yake yenyewe. Tarehe 6 Agosti tangi likapasuka, na tani zipatazo 1,000 zikaingia baharini.

Wengine husema ingevutwa tu na matagi, yaani meli ndogo zenye nguvu za kuvuta meli nyingine. Hapo ndipo penye hatari. Chombo kilichokaa juu ya mwamba hupigwa na mawimbi usiku na mchana, na kukiburuta kwaweza kuchana tumbo lililokuwa bado zima. Ndiyo maana mara nyingi mafuta hutolewa kwanza, kazi isiyo nyepesi hata kidogo: mafuta haya ni mazito, yakipoa hugoma kupita kwenye mipira, hivyo huenda yakahitaji kupashwa moto ilhali mitambo ya meli imezimika. Pale Mauritius yalivutwa kwa pampu hadi kwenye meli ndogo za mafuta, mengine yakabebwa na helikopta. Takriban tani 3,000 ziliokolewa. Siku chache baadaye, 15 Agosti, meli ikakatika vipande viwili.